Mkeka wa Serikali

Mkeka tulioujua sisi ulikuwa wa ukindu: wa kumkaribishia mgeni, wa kuswalia, wa kukalia msibani. Siku hizi ukimsikia dereva wa bodaboda akilalamika kwamba mkeka wake umechanika, usidhani anatafuta ukili wa kuushonea. Mkeka wake ni orodha ya mechi alizobashiri kwa pesa, na uko ndani ya simu.

Jumapili moja kijana wa kijiweni kwetu alinisogezea simu yake niione. Mechi 11, dau shilingi 500. Kumi zilikuwa za kijani. Ya mwisho ilikuwa nyekundu, kwa goli la dakika za nyongeza. "Kaka, ilibaki moja tu," aliniambia. Mtu aliyepoteza haongei hivyo. Alikuwa anaongea kama mtu aliyefika mlangoni akakuta pamefungwa sasa hivi.

Hapo ndipo biashara ilipo. Tuseme kila mechi ina nafasi mbili kati ya tatu za kwenda anavyotaka. Zikiwa 11, nafasi hazijumlishwi, huzidishwa, na mkeka mzima hubaki na nafasi moja kati ya 86 hivi. Kampuni nayo ikijikatia shilingi tano tu katika kila mia kwa kila mechi, makato hayo pia huzidishana: mkekani mle, thamani ya mia yake hushuka hadi kama 57. Anayeongeza mechi ili ushindi unone, anaongeza pia vijiko vinavyochota kwenye sahani yake. Haoni hayo. Anaona kumi za kijani, na kesho anarudi kukomboa hela yake.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inaiita biashara hii michezo ya kubahatisha. Kijiweni wanasema kubeti. Msikitini na kanisani jina ni kamari. Serikali ilichagua jina jepesi kuliko yote, kwa kuwa anayecheza mchezo hahesabiwi kuwa mgonjwa. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linautaja uraibu wa kamari miongoni mwa maradhi, na aliyeuza simu ya mkewe ili abeti hahitaji shirika lolote limweleze.

Sasa tazama mkono wa mtoza kodi, tukichukua mfano wa Kenya. Mwishoni mwa 2019 Kenya iliweka ushuru wa asilimia 20 kwenye kila dau. Katikati ya 2020 ikaufuta. Mwaka 2021 ukarudi kwa asilimia 7.5, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023, na 15 Desemba 2024. Mwaka 2025 ukahamishiwa kwenye pesa anayoweka mchezaji katika akaunti yake, asilimia 5. Mkono unaopanda na kushuka hivyo haujaamua kama umeshika bakora au kibuyu cha kukamulia. Bakora hutaka mtoto aache. Mkamuaji humwombea ng'ombe wake afya njema.

Sisemi kamari ipigwe marufuku kesho asubuhi. Ikifukuzwa dukani itahamia uchochoroni, au kwenye tovuti za ng'ambo zisizolipa hata senti. Na hela ya kodi hainuki: hununua dawa na madawati kama hela nyingine. Ila tuifuate safari yake. Shilingi 500 ya kijana yule ilikuwa ya unga wa jioni. Sehemu yake ikienda hazina, huenda siku moja ikarudi mtaani kama vidonge vya zahanati, na mama watoto akavipokea kwa shukrani bila kujua kwamba ni unga wake uliozunguka mbali.

Hivyo na serikali nayo ina mkeka wake. Bajeti ikishaandikwa kwa kutegemea hela hiyo, imeshabashiri kwamba vijana wataendelea kucheza na wengi wao wataendelea kupoteza. Huo ni mkeka wenye nafasi nzuri kuliko yote mjini, na tofauti na ule wa kijiweni, unachanika siku vijana wakipona. Mganga wa kweli hufurahi akikuta benchi la wagonjwa liko tupu. Kodi inayosemwa ni ya kuwalinda vijana nayo ipimwe hivyo: mwaka itakapoingiza kidogo kuliko mwaka uliotangulia kwa sababu watu wameacha, waziri ataisoma tarakimu hiyo bungeni kama ushindi, au kama nakisi?