Sumu Iliyojulikana Kila Mahali Isipokuwa Ilipotakiwa

Katikati ya Machi 2019 wagonjwa walianza kumiminika kwenye vituo vya afya vya Napak na Amudat, huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Walikuwa na homa, walitapika, waliumwa kichwa na tumbo. Yote hayo mhudumu wa afya wa Karamoja huyaona kila wiki. Kisichokuwa cha kawaida ni kwamba watu wenye akili zao timamu walikuwa wamechanganyikiwa. Walichokula wote ni Super Cereal, unga wa lishe wa mahindi na soya ambao Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, huwagawia wajawazito, wanaonyonyesha na wenye utapiamlo. Ugawaji ukasimamishwa. Hesabu ilipofungwa, walioathirika walikuwa karibu 300 na waliokufa 5.

Unga ukatiwa kwenye mifuko ya sampuli, ukaanza safari ya maabara, ndani ya Uganda na ng'ambo.

Wengi hudhani kwamba mkemia akipewa unga huuliza una nini. Hafanyi hivyo. Huuliza una sumukuvu? Una risasi? Una viuatilifu? Una bakteria gani? Kila swali lina kipimo chake, kemikali zake na gharama yake, na kile ambacho hakikuulizwa hakijibiwi. Unga unaweza kufaulu mitihani yote ya kawaida na bado ukaua, na vipimo vya mwanzo vya unga wa Karamoja havikutoa jibu la kuridhisha.

Ipo njia nyingine. Kuna mashine inayopima uzito wa molekuli, kisha kuipasua na kupima vipande vyake. Molekuli ya atropini ina uzito wa 289. Ikishapasuliwa huacha kipande kinachosomeka 124. Skopolamini ina 303, na kipande chake ni 138. Mwenye namba hizi mkononi hutambua mambo kabla chai haijapoa. Asiye nazo ana mistari tu kwenye skrini, mfano wa polisi mwenye alama za vidole lakini hana daftari la kuzilinganisha nazo. Daftari hilo ndilo kanzidata, na bila hilo hata mashine ya mamilioni hubaki bubu.

Jibu lilipopatikana, kwa kazi ya maabara kadhaa ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, lilikuwa hizo hizo mbili: atropini na skopolamini. Chanzo chake ni mnanaha, gugu lenye maua marefu meupe, tunda la miiba na mbegu ndogo nyeusi, ambalo huota katikati ya mazao na kuvunwa pamoja nayo. Mbegu ziliingia kwenye soya, soya ikasagwa kiwandani Uturuki, unga ukasafirishwa hadi Karamoja. Kuchemsha uji hakuziondoi sumu hizi, maana huvumilia moto.

Kisa kingeishia hapo kama mnanaha ungekuwa mmea mgeni. Lakini Waganda huuita amaduudu, na mitaani Kampala huhitaji shahada kujua kwamba unaleta wazimu. Kila mkulima wa Afrika Mashariki aliyewahi kupalilia amewahi kuung'oa.

Madaktari nao walikuwa wameandika. Mwaka 1991 H. T. Rwiza alichapisha taarifa ya mlipuko wa sumu ya mnanaha katika chakula, uliotokea katika hospitali ya serikali ya Usangi, kwenye milima ya Upare, Tanzania. Usangi si Ulaya, ni jirani. Ila taarifa ile ilitoka katika jarida la Uholanzi la tiba ya nchi za joto, na miaka michache baadaye, 1996, jarida hilo liliunganishwa na mengine likapoteza hata jina lake. Mtu angeitafuta Kampala mwaka 2019 angepaswa kwanza kujua kwamba ipo, kisha jarida liliishia wapi, kisha nani analo. Botswana nako taarifa ya mlipuko kama huo ilichapishwa mwaka 2002.

Wenye mamlaka nao walikuwa wanajua. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa tathmini yake ya sumu hizi mwaka 2013. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ukaweka kikomo katika vyakula vya watoto wachanga: mikrogramu 1 ya atropini kwa kilo, na mikrogramu 1 ya skopolamini. Yaani miaka mitatu kabla ya Karamoja, mtoto wa Brussels alikuwa amelindwa kwa sheria dhidi ya kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Tuwe waadilifu: kikomo kile kilihusu vyakula vyenye mtama, ulezi na jamii zake, hakikutaja soya. Lakini aliyekiandika alikuwa ameshaelewa jambo zima, kwamba mbegu ya gugu huingia kwenye nafaka na nafaka huingia kwenye kinywa cha mtoto. Kutoka mtama hadi soya ni hatua moja, na haikupigwa kwa niaba ya watu wa Karamoja. Mwaka 2020, baada ya vifo, ndipo wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, FAO na WHO, walipokutana kulijadili suala hili kwa ajili ya chakula cha msaada.

Kwa hiyo maarifa yalikuwepo kwa mkulima, kwa daktari wa Usangi, kwa mtunga kanuni wa Brussels na ndani ya kanzidata. Kilichokosekana ni mlango kati ya vyumba hivyo, na kwa maoni yangu hilo ni kosa baya kuliko ujinga, kwa kuwa mjinga walau ana udhuru.

Milango hiyo huwa na watu wanaoishikilia. Mwaka 2004 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilifungua PubChem, kanzidata ya kemikali ambayo yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma bure. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Kemia ya Marekani, ambayo rejista yake ya kemikali iliyoanza 1965 huuzwa kwa wanaojiandikisha, iliwaendea wanasiasa wa Washington ikitaka PubChem ibanwe kwa sababu inaingilia biashara yake. Haikufanikiwa. Leo PubChem ina zaidi ya kemikali milioni 100, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, mwenye simu na bando dogo anaweza kuufungua ukurasa wa skopolamini na kusoma uzito wake, vipande vyake na madhara yake. Ombi lile lingekubaliwa, mwanafunzi huyo angesubiri chuo kipate bajeti, na wanaoijua Kampala wanajua kusubiri huko.

Kwa upande wa majarida, WHO ilianzisha mpango wa HINARI mwaka 2002 ili taasisi za nchi maskini zisome bure au kwa bei ndogo. Umesaidia sana, lakini ni hisani, na mwenye hisani anaweza kubadili nia: Januari 2011 wachapishaji kadhaa waliiondolea Bangladesh huduma hiyo, wakairudisha baada ya kelele. Isitoshe nywila ni ya taasisi. Mhudumu wa kituo cha afya kisichosajiliwa yuko nje ya uzio.

Ni rahisi kumaliza ghadhabu zote kwa wachapishaji wa Ulaya na Marekani. Lakini nenda Wandegeya, Kampala, uone. Ipo maabara kuu ya serikali ya uchunguzi wa kemikali. Ipo taasisi ya utafiti wa tiba asilia, NCRI, inayochunguza mimea ya dawa tangu miaka ya 1960. Makerere iko kilimani hapo jirani, na hospitali ya Mulago ni ng'ambo ya barabara. Unaweza kuzizunguka zote kwa miguu asubuhi moja. Je, kipo kitabu kimoja, cha karatasi au cha kompyuta, ambamo mkemia anayetafuta sumu, mganga anayejua gugu na daktari anayemwona mgonjwa wanaandika kwa pamoja?

Wapo watakaojibu kwamba usiri una sababu, na woga wao si wa kipuuzi. Huko Afrika Kusini taasisi ya serikali ya utafiti ilichukua hataza juu ya mmea wa hoodia, ambao Wasan waliutafuna kwa karne nyingi kuzuia njaa, na Wasan hawakuulizwa. Mkataba wa kugawana faida ulikuja mwaka 2003. Mganga wa Uganda aliyesikia hayo atafunga mdomo, na nani amlaumu? Ndiyo maana Itifaki ya Nagoya ya 2010, ambayo Uganda imejiunga nayo, inadai ridhaa ya wenye maarifa na mgao wa faida. Lakini hoja hiyo inahusu dawa inayoweza kuuzwa. Sumu haina mnunuzi. Sioni sababu yoyote ya kuficha orodha ya mimea inayoua, majina yake ya Kiganda, Kikaramojong na Kiswahili, dalili zake na namba zake za mashine.

Mwaka 2020 Fidele Ntie-Kang, mkemia wa Kamerun, na wenzake wakiwemo wa Ujerumani, walitoa kanzidata ya kemikali za viumbe asilia wa Afrika Mashariki, EANPDB. Ina molekuli 1,870 kutoka katika spishi kama 300, nayo ni wazi kwa wote. Waliikusanya kwa kupitia maandishi yaliyochapishwa kati ya 1962 na 2019. Kilichowahi kuchapishwa kina nafasi ya kuonekana humo. Tasnifu iliyobaki kwenye rafu ya idara, ripoti ya maabara iliyopigwa muhuri wa siri, na daftari la mtafiti aliyestaafu akaenda nalo nyumbani, haya Ntie-Kang hakuwa na njia ya kuyafikia.