Sitara ya Nani?

Jirani akisikia usiku mwana akimkemea mamake mzee, kisha akasikia kishindo na kilio kukatika ghafula, je, imempasa kwenda kupiga hodi? Au ajifunike shuka na kusema: hayo ni ya nyumba ya watu?

Suala hili twalijibu kila siku hapa mjini petu bila ya kulitamka. Twalijibu kwa kunyamaza. Na tukiulizwa hoja yetu, twasema kuwa dini imetuamrisha kusitiriana.

Mimi mwenyewe nimelijibu hivyo, na yanipasa niseme. Mtaani kwetu alikuwako bibi mmoja mjane, mwenye nyumba aliyoachiwa na mumewe. Wanawe walimtoa chumbani mwake wakamtia ghalani uani, chumba wakakipangisha. Zile shilingi 2,000 ambazo Serikali huwapa kila mwezi wazee waliosajiliwa wenye miaka 70 na zaidi, mjukuu ndiye aliyezipokea, na bibi hakuziona. Mtaa mzima ulijua. Nami nilipita hapo alfajiri na magharibi, nikamtolea salamu, naye akanijibu kwa dua. Nilijiambia kuwa nasitiri. Alipokufa, zile fedha zilizokosekana kwa dawa yake ya presha zilipatikana kwa hitima: ng'ombe akachinjwa, biriani ikapikwa, na sisi masheikh tukaketi tukala.

Basi nimerejea kuitazama hiyo sitara yenyewe. Sitara tuliyoamrishwa ni ya mtu aliyeteleza katika dhambi iliyo baina yake na Mola wake, ambayo madhara yake hayamfikii mwengine. Ama dhuluma ina mwenyewe. Haki ni ya aliyedhulumiwa, wala mimi sina mamlaka ya kuisamehe au kuifunika kwa niaba yake. Tuliponyamaza, aliyesitirika ni mwana. Mama tulimwacha wazi. Na Mtume (S.A.W.) hakutuamrisha kumnusuru aliyedhulumiwa peke yake, bali na dhalimu pia, kwa kumzuia mkono wake.

Watasema wengine: Suratul Israi imewausia watoto, haikuwausia majirani. Ni kweli kuwa wajibu wa kwanza ni wa mwana. Lakini mwana akiuacha, wajibu haufi; warudi kwetu sote, mfano wa maiti asiye na jamaa, ambaye asipozikwa mtaa mzima hupata dhambi. Ajabu yetu ni kuwa kwa maiti twakimbilia bila ya kualikwa, na kwa aliye hai twangojea mwaliko. Hata Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, imewapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila ya kuteswa, na kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Lakini kifungu hakiwezi kupiga hodi.

Wala tusidhani kuwa mambo haya hukomea ghalani. Hapo jirani zetu Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo lipo shamba linalongojewa kurithiwa. Hata ikawa Kaya Godoma, huko Ganze, ni kimbilio cha waliotishwa kuuawa. Nasi wa mjini twajiona tumesalimika. Lakini mke wa mwana akiharibu mimba, ni nani aendaye kwa mpiga ramli kuuliza, kisha akarudi akimtazama mzee wa nyumbani kwa jicho jengine? Neno lile lile laanzia hapo. Mpiga ramli amelisema kwa fedha, na sisi twalibeba bure.

Hata hivyo si kila anayemkemea mzee ni dhalimu. Mzee aliyepotewa na akili huamka usiku mara kumi, hujichafua, humtukana anayemwosha. Binti aliyemtunza mamake hivyo miaka mitatu peke yake hahitaji mawaidha. Ahitaji mtu wa kumpokea zamu mchana mmoja katika wiki, alale. Ndugu zake wanaume, ambao huja Idi kwa Idi wakalalamika kuwa nyumba haikufagiwa, ndio wa kuanza kuulizwa.

Ama penye dhuluma khasa, shauri letu ni kuwa msikiti uchague watu waaminifu, wawili wawili, wawazuru wazee wa mtaa kila wiki, na wazungumze na mzee peke yake, kwani mbele ya mwanawe hatasema ila alhamdulillahi. Wakiona ubaya wamwendee mwana kwa siri; asiposikia, wawaendee jamaa zake. Hapo ndipo mahali pa sitara. Lakini penye kipigo au njaa daraja hizo zisingojewe: ni polisi siku hiyo hiyo, kwani Mahakama ya Kadhi kazi yake ni ndoa, talaka na mirathi, si kesi za kupiga. Na mzee akiletewa karatasi ya nyumba ili atie kidole, asitie mpaka wahudhurie mashahidi wasio na fungu katika mirathi. Hiba ya kulazimishwa haisihi, na iliyotolewa katika maradhi ya mauti hushika njia ya wasia.

Kazi hii tumeianza mwezi huu. Mpaka leo waliojitolea ni wanawake wanne na mwanamume mmoja.