Uwezo wa Ajabu na Hongo ya Mpakani

Kati ya maswali yaulizwayo na wasomaji wa hadithi, liko moja ambalo kwa sura yake laonekana la kitoto, walakini ndani yake mna jambo zito. Mtu wa hadithi aliyepewa uwezo wa ajabu katika ulimwengu wake, akihamishwa na kutiwa katika ulimwengu wa hadithi nyingine, je, uwezo ule huenda naye? Jini ageuzaye watu kuwa wanyama huko Baghdadi aweza kuwageuza Unyamwezi? Shujaa asiyeshindwa na jeshi lolote atakuwa nani mahali ambapo jina lake halijasikika? Vijana wa leo, ambao huwaona mashujaa wa hadithi mbalimbali wakikutanishwa katika filamu moja, hulijadili swali hili kwa bidii. Wazee wetu walilijibu kwa matendo, kila walipoichukua hadithi ya nchi moja na kuisimulia katika nchi nyingine.

Mahali pafaapo kulitazama swali hili ni Goweko. Leo Goweko ni kituo cha Reli ya Kati, mashariki ya Tabora. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, nchi hii ya Tura, Rubuga na Kigwa ilikuwa njia ya misafara iliyotoka pwani, ikapita Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali, ikaingia Unyanyembe, na kuendelea mpaka Ujiji. Misafara haikupita bure. Kwa kila mtawala mwenye nguvu palitolewa hongo. Siku hizi neno hilo limeoza, likawa jina la rushwa. Lakini wakati ule lilikuwa jina la ushuru wa njia, uliolipwa kwa nguo na shanga, na kulipa kwake kulikuwa ni kukiri mamlaka ya mwenye nchi. Mgeni, hata akiwa na bunduki mia, alisema kwa hongo yake kwamba hapa si kwangu.

Henry Stanley, aliyepita njia hii mwaka 1871, aliandika juu ya taabu ya kuchagua shanga za safari. Ushanga mweusi ulikuwa fedha Ugogo, lakini makabila mengine waliukataa. Mweupe ulipendwa hapa, ukadharauliwa pale. Ushanga wenyewe haukubadilika njiani. Rangi yake na uzito wake vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni mapatano ya watu waliouona.

Naona kwamba uwezo wa ajabu wa mtu wa hadithi ni kama ushanga ule. Haumo ndani yake kama damu; uko baina ya msimulizi na wasikilizaji. Msimulizi wa pwani asemapo “Paukwa!” na watu wakajibu “Pakawa!”, jibu lile ni sahihi ya mkataba: wasikilizaji wamekubali kwamba kwa muda huu fisi atasema na mti utatembea. Kadhalika kete ya bao. Juu ya ubao ina nguvu ya kula na kuteka, na wachezaji wazima huitetea kwa ghadhabu. Ikianguka mchangani ni komwe tu, na mtoto aweza kuichukua kuichezea. Basi shujaa avukapo mpaka, jina lake huvuka bure, na pengine mavazi yake. Uwezo wake husimama mpakani mpaka mapatano mapya yafanywe.

Huenda msomaji akakataa, akasema kwamba jini ni jini popote aendapo, na kugeuza watu ndiyo tabia yake. Na tutazame. Katika Alfu Lela Ulela imo hadithi ya liwali wa Basra, Abdallah bin Fadhili, ambaye ndugu zake wawili wamegeuzwa mbwa kwa uwezo wa jini, naye amelazimishwa kuwapiga kila usiku. Shaaban Robert alisimulia kisa chenye umbo hilo katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952. Liwali yupo, jini yupo, mjeledi wa usiku upo. Lakini ndugu wale si mbwa tena, ni manyani. Kwa nini? Naona ni kwa sababu nyani machoni petu ni kiumbe kilichokaribia kuwa mtu kikabaki nje ya mlango, na aibu yake hueleweka bila ya kufasiriwa. Jini alipofika kwetu hakuja na mbwa wake; ilimpasa kutumia mnyama wa wenyeji. Hiyo ndiyo hongo aliyolipa.

Safari nyingine ilitoka upande wa maziwa makuu. Ryangombe katika masimulizi ya Rwanda ni mwindaji shujaa aliyeuawa na nyati, na baada ya kufa kwake akawa mkuu wa mizimu iwapandayo wafuasi wake. Huko Kitara, magharibi ya Uganda ya leo, Bachwezi walisimuliwa kuwa wafalme wa kale waliotoweka. Majina haya yalisafiri kusini mpaka Usukuma na Unyamwezi, ambako chama cha Baswezi kilijulikana sana. Unyamwezi hapakuwa na kiti cha ufalme wa Kitara. Walakini uwezo wao ulipokelewa kwa mlango mwingine: mwenye kutaka kuingia chamani alitolewa ada, akafundishwa siri, akafungwa na miiko. Wafalme wa kule wakawa wageni wa ngoma na tiba huku.

Katika safari hizi mbili naona sheria moja. Uwezo uliovuka salama ulivuka pamoja na gharama yake. Adili hana raha na mjeledi. Kila pigo ni deni analolipa kwa machozi. Mswezi hana mzimu bila ya mwiko. Uwezo ukihamishwa na mwiko wake ukaachwa nyuma, hadithi huharibika upesi, maana shujaa awezaye kila kitu mahali pote hana la kuchagua, na asiye na la kuchagua hana wema wala ubaya. Hapo ndipo swali la kitoto lilipokuwa swali la maadili. Kuuliza uwezo huu wafanya kazi wapi ni kuuliza mwenye uwezo anawajibika kwa nani.

Uko mpaka mwingine, mkubwa kuliko ule wa hadithi na hadithi, nao ni mpaka wa mapatano yetu na dunia isiyopatana nasi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alifundisha kwamba maji yake yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Siiti imani ile mchezo, wala siwadharau waliokufa katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Maji yale yaliwaunganisha watu wa lugha nyingi, na kazi hiyo yaliifanya kweli, kwa kuwa ilikuwa ndani ya mapatano yao. Lakini risasi haikuketi katika baraza lile, wala haikujibu “Pakawa”. Ebrahim Hussein alipomtia mtu huyu katika tamthilia yake ya Kinjeketile, mwaka 1969, alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Katika tamthilia uwezo wa maji umegeuka uwezo wa neno, na neno lile lina gharama: mtu amelisema, watu wamelifia, naye mbele ya kifo anakataa kulikana. Maji yalivuka kutoka vitani hadi jukwaani, yakalipa hongo.

Sasa nataja uvukaji usiolipa. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya magharibi, Tabora ikiwamo, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na dalili iliyotajwa mara kwa mara ni macho mekundu, macho ambayo miaka mingi ya moshi wa jikoni yatosha kuyaeleza. Tangu mwaka 2007 ulimwengu ulisikia pia habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo, kwa sababu wako walioamini kwamba viungo hivyo huleta mali. Sababu za mauaji hayo ni nyingi: tamaa, ugomvi wa ardhi na urithi, woga. Lakini tamaa ilihitaji vazi, na vazi ilipewa na uwezo wa ajabu uliotolewa ndani ya masimulizi na kutembezwa barabarani. Mchawi wa hadithi alikuwa na mahali pake, baina ya neno la kwanza na la mwisho la msimulizi. Mama wa watu hakuulizwa kama anaikubali hadithi hiyo. Wengine walisimulia, na yeye akalipa.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuacha hadithi za ajabu. Sikubaliani nao. Anayeifunga njia kwa sababu mwizi amepita huwanyima wapagazi wote mkate wao. Mtoto aliyezoea kuitika “Pakawa” amejifunza jambo ambalo sheria pekee haimfundishi, kwamba liko lango la kuingilia katika ajabu na liko lango la kutokea. Asiyefundishwa malango hayo ndiye wa kuogopwa, maana kwake ajabu haina mwanzo wala mwisho.

Basi mwanafunzi atakaye kumhamisha shujaa kutoka hadithi hii hadi ile, na amhamishe. Fasihi yetu imekua kwa wageni. Ila kabla ya kumpa uwezo wake, amwulize mambo mawili: mwiko wako ni upi, na nani hapa amekubali kuwa chini ya uwezo wako? Na sisi wasomaji tuyaulize hayo hayo kwa mtu yeyote ajaye kwetu na habari za nguvu zisizo na gharama, awe ametoka kitabuni, au awe amesimama mlangoni petu.