Jina Linalotokea Kwenye Simu

Simu ya mkononi inapolia, twatazama kwanza ni nani anayepiga, ndipo tuamue kupokea au kuiacha ilie. Je, kuna kosa katika kutazama?

Tufahamu kwanza jambo lenyewe. Kwa kawaida mtandao huleta namba tu. Jina tunaloliona halitoki kwa mpigaji; limo katika simu yetu, nasi wenyewe ndio tulioliandika. Wengine huandika “Jirani”, wengine “Msumbufu” au “Usipokee”. Hivyo hukumu imekwisha kutolewa kabla mtu hajasema neno, na huenda leo apiga kwa ajili ya msiba, wala si kuomba mkopo.

Hatusemi kila simu ipokelewe. Aliye katika ibada au anayeendesha gari ana haki ya kuiacha. Tena matapeli wapo, na hata namba huweza kughushiwa. Lakini katika mfano wa Msamaria Mwema, kuhani na Mlawi hawakukosa kwa kuona; walikosa kwa kuona na kupita. Nasi tukiongeza, “Sikuiona simu yako,” tumekosa mara mbili.

Basi yatupasa tulifute jina la dharau, tuandike jina lake halisi. Tusipoweza kupokea, tumpigie baadaye. Na kama hatuna la kumpa, tumwambie kwa upole. Neno “sina” kutoka kinywani mwa ndugu ni afadhali kuliko simu iliayo bila jibu.