Kijana akipinda, nani akazwe?

Baiskeli ikitumbukia kwenye shimo, au ikibebeshwa mizigo mizito siku nyingi, gurudumu hupinda. Ukilizungusha utaona ringi inakwenda kulia, inarudi kushoto, na kila mzunguko inagusa raba ya breki. Wapo wanaoinyoosha kwa kuikanyaga au kuipiga nyundo. Fundi anayeijua kazi yake hafanyi hivyo. Na namna anavyofanya, ambayo hata mtu wa kawaida anaweza kuifanya uani kwake, inatusaidia kulitazama swali linalozisumbua kamati zetu za misikiti na wazazi wetu: kijana akipotoka, nani wa kunyooshwa?

Ndugu msomaji, tuitazame kazi yenyewe kwanza. Baiskeli hupinduliwa ikasimama kwa tandiko na usukani. Chaki hushikwa karibu na ringi, gurudumu likazungushwa polepole, na chaki ikaacha alama pale palipotoka. Gurudumu la kawaida lina spoki 36 hivi. Nusu zimefungwa upande wa kulia wa kitovu chake na nusu upande wa kushoto, na kila spoki inaivuta ringi upande wake. Ringi ikienda kulia, fundi hulegeza kidogo spoki za kulia mahali hapo, robo mzunguko wa spana, hukaza za kushoto kwa kiasi hicho hicho, kisha huzungusha tena na kuangalia. Akikaza tu bila kulegeza, ringi huvutwa ndani ikapoteza duara, au spoki ikakatika.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Palipopinda ndipo panapoonekana, lakini si lazima ndipo tatizo lilipoanzia. Huenda ni spoki ya upande wa pili iliyolegea siku nyingi na hakuna aliyeigusa.

Sasa tujitazame. Kijana anakamatwa ameiba fedha za sanduku la sadaka. Kikao kinaitwa, na mara nyingi uamuzi ni mmoja: afukuzwe madrasa, na jina lake litangazwe baada ya swala ya Ijumaa. Hakuna anayeuliza nani alilegea. Baba anayeondoka kabla ya alfajiri na kurudi watoto wamelala? Mwalimu anayemjua mwanafunzi kwa bakora tu? Tajiri aliyemtumikisha dukani mwezi mzima asimlipe? Au sisi wanakamati, tunaochangisha fedha za mazulia kila mwaka, lakini hatuna mfuko wa yatima? Wote hao ni spoki za gurudumu moja, ila spana inashikwa kwa ajili ya mmoja tu.

Sayyidna Umar (r.a.) alituonesha njia nyingine. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba watumwa wa Hatib bin Abi Balta'a waliiba ngamia jike wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Umar aliamuru mikono yao ikatwe. Kisha akamgeukia Hatib, akamwambia kuwa anaona anawashindisha na njaa. Alimtoza fidia, akamuuliza mwenye ngamia bei yake. Yule bwana akasema alikuwa akikataa kumuuza kwa dirhamu 400. Umar akamwamuru Hatib alipe 800.

Tuangalie uadilifu ule. Umar hakusema wizi ni halali, wala hakumwacha mwenye mali aende mikono mitupu. Lakini alizungusha gurudumu zima kabla ya kukaza, akaiona spoki iliyolegea: bwana aliyekula akashiba na watu wake wana njaa. Huyo ndiye aliyekazwa.

Mtu anaweza kuhoji: je, Uislamu haufundishi kwamba kila nafsi itabeba mzigo wake? Ni kweli. Kijana aliyeiba atajibu kwa wizi wake, arudishe alichochukua na atubie. Kumtafutia udhuru mpaka dhambi isionekane ni dhulma kwa aliyeibiwa, na ni dhulma kwa kijana mwenyewe. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha pia kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya anaowachunga. Mizigo basi ni zaidi ya mmoja. Wa kijana haumfutii baba wake, wala wa baba haumfutii kijana wake.

Ni kweli pia kwamba zipo ringi zilizopasuka, ambazo hakuna spana itakayoziponya. Yupo mtu ambaye lazima atengwe ili wengine wasalimike. Lakini fundi husema "hii imekufa" baada ya kuzungusha, kupima na kujaribu robo kwa robo. Sisi tunasema hivyo siku ya kwanza, na kijana tuliyemfukuza hubaki mtaani kwetu huku waliomfungulia mlango wakiwa ni wauza bangi.

Kabla kamati haijasoma jina la mtu mbele ya waumini, na ijiulize maswali mawili: nini kimemkaza kijana huyu kupita kiasi, na nani miongoni mwetu amelegea? Jibu la swali la pili likiwa ni jina la mjumbe wa kikao, basi spana ianzie hapo.

Wallahu a'lam.