Ndugu Wanne Katika Behewa



Hata vitabu vya watoto vina mafundisho. Mwaka 1942 mwalimu wa Marekani, Gertrude Chandler Warner, alitoa upya hadithi ya yatima wanne: Henry, Jessie, Violet na Benny mdogo. Kwa kumwogopa babu yao wasiyemjua, walitoroka wakakaa msituni ndani ya behewa kuukuu la garimoshi. Katika vitabu vilivyofuata wakawa hodari wa kufumbua mafumbo.

Waliwezaje? Henry alifanya kibarua, Jessie akatunza chakula na fedha, Violet akashona, na Benny akakifurahia kikombe chake chenye ufa kilichookotwa jalalani. Hakuna aliyemdharau mwenzake.

Lakini jaribu kubwa lilikuja Violet alipougua. Kumwita daktari ni kuhatarisha siri yao. Walichagua uhai wa ndugu yao, Henry akaenda kumwita. Kwa njia hiyo wakampata babu yao, naye alikuwa mtu wa upendo.

Ndivyo alivyokuwa Miriamu kando ya mto (Kutoka 2). Alikilinda kwa macho kisafina cha mdogo wake, kisha akamwendea binti Farao kwa ujasiri na maneno ya busara. Kwa hiyo Musa alirudi mikononi mwa mama yake.

Wazazi wenzetu, tusiwaulize watoto alama za mtihani tu. Tuwaulize pia: leo nani amemwangalia mdogo wake? Ushujaa huanzia hapo.

Mungu atujalie watoto wa namna hii. Amina.