Ahadi Inayoweza Kuvunjwa

Wape wanafunzi wa kidato cha tatu, wa Kibera au wa Kawangware, karatasi ya manila na kalamu za rangi, uwaambie waandike dhamira ya timu yao. Muda si mrefu utasoma: "Kuwa kielelezo cha ubora na kuleta mabadiliko katika jamii." Kiswahili safi, na mwalimu atatoa alama. Lakini timu hiyo ingefanya nini ndipo tuseme imekiuka neno lake? Mimi sioni. Kauli isiyoweza kuvunjwa haimfungi anayeitoa. Ameitamka, ila hajaahidi kitu.

Kule Mathare, chama cha michezo cha MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliamua kwamba timu ikisafisha mtaa inapata pointi kwenye ligi. Kibera nako, shirika la Carolina for Kibera, lililoanza mwaka 2001, lilitaka timu za mashindano yake zichanganye vijana wa makabila mbalimbali. Masharti ya aina hii yana meno. Jumamosi ikifika, mtaro wa Gatwekera, kule Kibera, umezibuliwa au haujazibuliwa. Kikosi kimechanganyika au hakijachanganyika.

Hilo la kuchanganyika ndilo zito. Dhamira yoyote husema "sisi", na kijana huliandika neno hilo kana kwamba hao sisi wapo tayari. Katiba ya mwaka 2010 nayo inazungumza kwa sauti ya watu wa Kenya wote, lakini Oktoba 2017, katikati ya uchaguzi wa marudio, majirani wa Kawangware walishambuliana. Je, Katiba ilidanganya? Sidhani. Ilidai jambo ambalo bado halijakamilika, na watu huwa "sisi" kadiri wanavyolitimiza dai hilo, tena siku ambayo ni rahisi kuliacha.

Kwa hiyo ningewaanzisha wanafunzi na swali ambalo huachwa mwisho: mwenzetu akikosa, tutafanyaje? Mama zao katika vyama vya akiba vya Laini Saba, Kibera, na Gatina, Kawangware, wanalijua. Faini ya kuchelewa imo kwenye kanuni zao. Sasa tuseme msichana hakuja kuzibua mtaro kwa sababu alikuwa kwenye foleni ya maji. Mmoja atataka alipe. Mwingine atauliza atalipa na nini. Wabishane, mwalimu asiwakatize. Wakikubaliana kwenda naye kuchota maji Ijumaa jioni ili Jumamosi awe huru, hilo liandikwe kwenye manila, na siku yake itajwe.